Mchezo wa Jumatatu

*Siku sita za juma makedi wa Kibera na Kawangware hubeba fimbo za wengine. Siku moja hubeba zao. Katika siku hiyo moja ndimo walimo mabingwa ambao Kenya haijawapata.*

Alfajiri ya Jumatatu, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya kijiji cha Makina, na kabla adhana haijapoa masikioni mwa walioamka kuiitikia, huonekana vijana na wazee wakipanda kutoka vichochoro vya Kibera kuelekea upande wa Barabara ya Ngong, kila mmoja akiwa na fimbo tatu au nne zilizofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na wengine, kwa kuwa hata hicho kipande hawana, wamezikumbatia kifuani mfano wa mtu aliyetoka kuokota kuni.

Siku nyingine zote watu hawa huingia viwanja vya gofu wakibeba fimbo za wengine. Jumatatu, ambayo kwa desturi ya viwanja vingi vya Nairobi ni siku ya kupumzisha nyasi, wakati wanachama wako mjini wakishughulikia biashara na ofisi zao, huruhusiwa kuingia na kucheza wenyewe.

Hao ndio makedi. Kazi yao, ijapokuwa machoni pa mpita njia haizidi kuchukua mzigo begani, ni elimu ndefu isiyo na cheti wala mahafali, na aghalabu huanza utotoni, ikaendelea mpaka mvi zikatanda kichwani.

Nilitumwa na mhariri wangu nikaandike juu ya maisha ya bingwa wa mchezo wa shabaha, tangu ujana wake hadi uzee. Nilitoka nikidhani nitamwona mtu mmoja mwenye vikombe vimepangwa kabatini. Nilipofika langoni nikatambua kwamba habari iko hapo hapo langoni, katika swali ambalo sikuweza kulikwepa tena: mahali palipojaa mikono iliyozoea mchezo kiasi hiki, kwa nini bingwa wa dunia hajatoka?

Majirani wa ua mmoja

Kibera ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1904 askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, ambao asili yao ni Sudan, walianza kupewa ruhusa ya kukaa na jamaa zao katika msitu uliokuwa kusini-magharibi ya mji mchanga wa Nairobi. Na kwa kuwa msitu katika lugha yao huitwa kibra, mahali pakachukua jina hilo. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1906, walowezi wa mji ule ule wakaanzisha klabu yao ya gofu, ambayo leo imepakana na Kibera.

Kwa hiyo majirani hawa ni marika. Mmoja alizaliwa na bunduki, mwingine na fimbo ya gofu, na wote wawili walizaliwa chini ya bendera moja.

Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo la Wanubi, zaidi ya ekari 4,000, kuwa ardhi ya jeshi, pasipo kuwapa waliokaa humo hati ya kuimiliki. Mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akaitunuku klabu heshima ya kujiita ya kifalme, nayo ikawa Royal Nairobi Golf Club. Wanubi walingoja hadi Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi hati ya jumuiya. Na hati hiyo ilikuwa ya ekari 288.

> Klabu ilingoja miaka 29 kupata jina la heshima. Wanubi walingoja miaka 113 kupata karatasi ya ardhi.

Siyasemi haya kwa kuamsha husuda. Nayasema kwa sababu kila mtu anayejadili gofu na Kibera huanza kwa kusema kwamba ardhi hii ni ya klabu na ile ni ya mabanda, kana kwamba mipaka hiyo ilishuka na mvua. Ilhali iliandikwa kwa kalamu, na tarehe zake zinajulikana.

Wengine walikuja baadaye: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo waliofuata ajira za mji, wakajaza Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Silanga na Soweto. Husimuliwa kwamba kijiji cha Laini Saba kilipata jina lake kutokana na mstari wa saba wa uwanja ambamo askari walijifunza kulenga shabaha. Kiko pia kijiji kiitwacho Mashimoni. Mtoto aliyezaliwa Mashimoni, karibu na Laini Saba, akakua akisikia mpira mdogo mweupe ukigongwa ng'ambo ya ua, ana haki ya kuamini kwamba mchezo wa kulenga na wa mashimo haukuwa mgeni kwake hata siku moja.

Elimu ya mfuko

Na kwa kweli si mgeni. Kabla hajashika fimbo, mtoto wa Kibera na mwenzake wa Kawangware amekwisha kulijua bano: hufukua kitundu katika udongo mkavu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaibana gololi kati ya vidole, akaitupa kwa kidole gumba, na mwenye mkono mtulivu akaondoka na gololi za wenzake wote mfukoni. Anayelidharau bano hajapata kumtazama mtoto wa miaka tisa akipima mteremko wa ardhi kwa jicho moja, amekata pumzi.

Kisha siku moja humfuata kaka au mjomba hadi langoni. Huanza kwa kuokota mipira iliyopotelea vichakani. Miaka ikipita, hukabidhiwa mfuko.

Mfuko huo una fimbo ambazo kanuni za mchezo haziruhusu zizidi 14, kila moja na mwinamo wake wa uso na umbali wake, na kedi hana budi kuzijua zote kuliko mwenyewe. Sharti ajue kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira ambao Mombasa ungekwenda hatua 150 hapa utazipita. Sharti ajue upepo wa saa nne asubuhi na upepo wa saa kumi jioni. Sharti ajue ni wapi ardhi inadanganya macho, ikaonekana tambarare ilhali imeinama. Na mwisho wa safari liko tundu lenye upana wa milimita 108 tu, ambalo halimhurumii mtu.

Lakini elimu iliyo juu ya zote ni elimu ya nyasi. Nyasi inayokanyagwa katika viwanja vyetu vingi ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulimwengu mzima huiita kwa jina la Wakikuyu. Ni nene, hutambaa, huukamata mpira na uso wa fimbo kama mtu anayemshika mwenzake kanzu. Wazungu waliipenda kwa uvumilivu wake, wakaivusha bahari, ikaenea Afrika Kusini, Australia na California. Na ukienda hata Riviera Country Club, mjini Los Angeles, uwanja ambako mabingwa wakubwa wa dunia hushindana karibu kila mwaka, utakuta ni nyasi hiyo hiyo, nao mabingwa hao huilalamikia na kuisomea kama somo gumu.

> Nyasi yetu imefika Riviera. Mikono iliyokua ikiisoma nyasi hiyo bado iko langoni, ikingoja Jumatatu.

Kedi huisoma kwa nyayo. Anajua imelalia upande gani kwa kuikanyaga. Mchezaji humwuliza, yeye hujibu kwa maneno mawili, mpira hupigwa, na ukiingia shimoni sifa zote, kama ilivyo desturi, huenda kwa aliyepiga. Nimetembea nyuma ya makundi kadhaa nikilitazama jambo hili, na nakiri kwamba lilinishughulisha kuliko mchezo wenyewe: mtu mwenye maarifa amebeba mzigo, na mwenye mzigo amekuja kuyakopa maarifa.

Wanawake nao wamo katika kazi hii siku hizi, wakibeba mfuko ule ule na kuipanda milima ile ile.

Kawangware, ambako hakuna ua

Kibera walau ina ua wa kuchungulia. Kijana wa Kawangware hana. Yeye hutoka vichochoro vilivyo karibu na kituo cha matatu za namba 46, akapita kando ya majumba ya Lavington, au akashika njia ya Kangemi, akatembea kwa miguu kuelekea Kabete, uliko uwanja wa Vet Lab Sports Club jirani na maabara za mifugo. Nauli hailipi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi huila sehemu ya ujira ambao hana hakika kama ataupata.

Hana hakika kwa kuwa kedi halipwi kwa kufika, hulipwa kwa kuitwa. Mvua za masika zinaposhuka kati ya Machi na Mei, wachezaji hubaki majumbani, na waliotembea tangu alfajiri hukaa chini ya kibanda wakiyatazama maji yakitiririka, kisha hurudi walikotoka. Jioni hiyo jikoni hupikwa kilichokuwamo jana.

Mchezo wa umri mzima

Mchezaji wa kandanda huambiwa amezeeka kabla hajatimiza miaka 40. Bondia huambiwa mapema zaidi, na mara nyingi na daktari. Gofu, sawa na michezo mingine ya shabaha, humruhusu mtu kuzeeka nayo: kinachopungua mkononi hujazwa na kilichoongezeka kichwani. Ndiyo maana inawezekana kusema juu ya maisha mazima ya mcheza gofu, na ndiyo maana mahali pa kuanzia pana uzito mkubwa sana.

Hapo pa kuanzia ndipo penye fundo. Ili mtu ashindane katika mashindano ya ridhaa sharti awe na hendikapu, yaani kipimo rasmi cha uwezo wake. Na hendikapu, kwa kawaida, hutunzwa kupitia uanachama wa klabu. Mtoto wa mwanachama huipata angali shuleni. Kedi anaweza kuucheza uwanja wote vizuri kuliko wote waliomo katika daftari la wanachama, na bado, kwa hesabu ya makaratasi, akawa hajapata kucheza.

Basi njia inayobakia ni kuruka daraja la ridhaa na kwenda moja kwa moja katika uchezaji wa kulipwa. Jina hilo lina fahari, ila maana yake halisi kwa mtu asiye na mdhamini ni kwamba atalipa ada ya kushiriki, atalipa nauli na malazi, atanunua mipira na viatu, halafu atapata kitu endapo tu atamaliza miongoni mwa wa juu. Wako waliofaulu kuishi hivyo miaka mingi. Dismas Indiza wa Mumias ni mmoja wa wale ambao majina yao huwatia wenzao wasiwasi yanapotajwa katika orodha ya mashindano. Aliyeshindwa hurudi kufundisha wanachama na watoto wao, na wengine hurudi kubeba mfuko.

Walichokifanya makedi wa kwingine

Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Mwingereza Guy Wolstenholme. Tangu hapo Nairobi imekuwa kama chuo ambamo mabingwa wa mataifa mengine hupitia. Seve Ballesteros alishinda hapa mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa taji la British Open. Ian Woosnam alishinda mwaka 1986, na mwaka 1991 akavishwa koti la kijani la Masters. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, naye akalivaa koti hilo mwaka 2008. Mwaka 2019 mashindano yetu yakapandishwa yakaingia katika msururu mkuu wa Ulaya.

Katika nusu karne yake ya kwanza, na baada ya hapo, hapakuwa na Mkenya aliyelitwaa kombe hilo. Aliyelikaribia kuliko wote ni Jacob Okello, ambaye mwaka 1998 alimaliza sawasawa na Ricardo González wa Argentina, ikabidi warudi uwanjani kuamuliwa kwa mchezo wa ziada, González akashinda. Wapenzi wa gofu wa umri wangu wakiisimulia siku ile hushusha sauti, na mimi sijapata kuona nchi inayoikumbuka nafasi ya pili kwa huba kubwa kiasi hicho.

Nataka msomaji amtafakari huyo Ballesteros. Alikuwa mtoto wa Pedreña, kijiji cha kaskazini mwa Hispania kilichopakana na uwanja wa gofu wa watu wenye nafasi. Alikuwa kedi. Alijifunza kwa fimbo moja ya chuma ufukweni, juu ya mchanga, na usiku alijipenyeza uwanjani apige mipira gizani. Mtu huyo alipokanyaga Nairobi mwaka 1978, ng'ambo ya ua wa Kibera walikuwako watoto ambao maisha yao yalifanana na yake karibu kwa kila jambo.

Na kama Hispania ni mbali, iko Durban. Papwa Sewgolum, kedi mwenye asili ya Kihindi, ambaye alishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume cha mafunzo yote, alishinda Dutch Open mwaka 1959 na kurudia mwaka uliofuata. Kisha mwaka 1963 akashinda Natal Open nyumbani kwao, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu, alikabidhiwa kombe lake nje, mvua ikimnyea. Baadaye serikali ile ilimfungia njia ya mashindano kabisa.

> Ballesteros alifunguliwa lango akabadilisha mchezo wa Ulaya. Sewgolum alifungiwa, na picha ya mvua ile haijafutika.

Kenya haina sheria kama ile ya Durban. Lango letu linafungwa na ada, na ada haina sura wala rangi. Kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuishika mkono na kuishitaki.

Hoja za pande zote

Ni insafu kuyasema ya klabu. Wanachama hutaja kwamba nyasi haijitunzi. Kwamba maji, mashine na mishahara ya wafanyakazi hutoka mifukoni mwao. Kwamba uwanja ukijaa watu kila siku utachakaa. Na kwamba lau si viwanja hivi, ardhi hii yote ingekwisha kumezwa na maghorofa, na Nairobi ikakosa mahali pa kuvutia pumzi. Hoja hii ya mwisho naiona nzito. Mji huu umekwisha kupoteza nafasi nyingi za wazi, na zilizochukuliwa hazikurudi.

Makedi husema mengine. Hawaombi uwanja uvunjwe, kwa kuwa humo imo riziki yao. Huomba walipwe kwa kipimo kinachojulikana, wawe na bima ya siku ya kuumia na akiba ya siku ya uzee, na vijana wao wapewe hendikapu pasipo kununua uanachama.

Liko na kundi la tatu, la wakazi wasiohusika na gofu hata kidogo, wanaouliza kwa nini kijana mmoja na fimbo zake ashughulikiwe katika mtaa ambao shule zake hazina viwanja na vyoo vyake ni vichache. Sina jawabu la kuwanyamazisha, wala sidhani wanastahili kunyamazishwa. Ninachojua ni kwamba kipaji kinachooza si faida kwa choo wala kwa shule.

Hatua kadhaa zimechukuliwa, na si haki kuzificha. Ulianzishwa msururu wa Safari Tour ili wachezaji wa kulipwa wa hapa wapate mashindano ya mara kwa mara na kujipatia nafasi katika Kenya Open. Upo uwanja wa Golf Park ndani ya Ngong Racecourse, ambako asiye mwanachama aweza kulipa na kucheza. Lakini zote mbili humfaa aliyekwisha kuvuka lango. Aliye nje bado yuko nje.

Fundisho kutoka Toronto

Mnamo mwaka 1909, mjini Toronto, Kanada, alikuwako mtu aitwaye Thomas Ryan aliyemiliki ukumbi wa kuviringisha tufe na kuangusha pini kumi. Wateja wake, watu wa ofisini waliokuja saa ya chakula cha mchana, walilalamika kwamba tufe ni zito na mchezo ni mrefu. Ryan hakuwaambia wakaongeze misuli. Alizipunguza pini zikawa tano, akazichonga ziwe ndogo, akaleta tufe linaloenea katika kiganja, lisilo na matundu ya vidole, na mchezaji akapewa mitupo mitatu. Mchezo huo ukaenea Kanada yote, ukachezwa na vikongwe na watoto, na wako waliouanza shuleni wakaushindania mpaka uzeeni. Alama kamili ni 450, na kuipata ni tukio la maisha.

Namtaja Ryan kwa sababu alifanya jambo ambalo gofu ya Nairobi haijalifanya kwa moyo: aliupima mchezo kwa mtu, asimpime mtu kwa mchezo. Mashimo mafupi matatu kwenye ncha moja ya kiwanja cha shule, fimbo chache za kuazima, na kedi mzee mmoja anayelipwa kuwa mwalimu, ni gharama ndogo kuliko chakula cha jioni cha wageni wa mashindano makubwa. Makedi wazee wapo tayari. Wamekwisha kusoma miaka 30 kwa gharama yao wenyewe. Klabu zina fimbo kuukuu zinazolala katika maghala. Shule za Kawangware na Kibera zina watoto wa bano. Kinachokosekana ni mtu mwenye idhini kuandika barua.

Jioni ya Jumatatu

Nilikaa mpaka jua likashuka upande wa Ngong. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Pembeni mwa shimo la mwisho walibaki wawili, mzee na kijana wa makamo ya shule ya upili, na kati yao fimbo moja ya kusukumia mpira, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi. Mzee alipiga goti, akaipapasa nyasi kwa kiganja, akamwonyesha kijana kwa kidole mahali pa kulenga, shibiri mbili kushoto ya shimo. Kwa mbali treni ya abiria ilipiga honi ikiingia Kibera.

Kijana alipiga. Mpira ulipita ukingo wa shimo kwa upana wa kidole. Aliurudisha pale pale akapiga tena, na tena, mzee akiwa bado amepiga goti. Na askari wa lango alipokuja kuwaambia kwamba muda umekwisha, nilikuwa nimehesabu mara kumi na moja, tano za mwisho zote zimeingia.